Nataka Kuwa Mwandishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Mwanza

Ukishajulikana hapa Mwanza kwamba unaandika vitabu, hakuna mahali utakapokaa kwa amani. Utaulizwa msibani Igoma, utaulizwa kwenye kivuko cha Kamanga huku injini inanguruma, utaulizwa na kinyozi wakati wembe uko shingoni na huna uhuru wa kujibu unavyotaka. Maswali yenyewe ni yale yale. Nimeyakusanya hapa, pamoja na majibu ambayo kinyozi hakuyapata.

Nataka kuwa mwandishi. Nianzie wapi?

Wanaouliza swali hili ni watu wa aina mbili, na kwa sura wanafanana. Wa kwanza anataka kuandika. Wa pili anataka kuitwa mwandishi: apigwe picha ameshika kidevu, MC amtambulishe ukumbini, wakwe wajue. Huyu wa pili mambo yake ni mepesi. Aingie stesheneri yoyote pale mjini, atengeneze kadi za biashara zenye picha ya kalamu ya manyoya, na jua halijazama ziwani atakuwa mwandishi kamili. Hakuna anayeiuliza kadi kitabu kiko wapi.

Wa kwanza ndiye mwenye kazi. Anatakiwa akae, aandike, arudie, amalize. Maswali mengi yanayofuata yameulizwa na wa pili, lakini majibu nimeyaandika kwa ajili ya wa kwanza.

Lazima nisome vitabu vya watu? Naogopa kupoteza upekee wangu.

Lazima. Asiyesoma ndiye anayeandika kama watu wote, kwa sababu hana habari kwamba yule binti maskini aliyependwa na mtoto wa tajiri ameshaolewa mara nyingi mno katika hadithi za Kiswahili. Maktaba ya Mkoa iko mjini. Ukiingia utakuta viti vimejaa wanafunzi wanaosoma madaftari waliyokuja nayo. Rafu ya riwaya haina foleni.

Sina laptopi. Nitaandikaje?

Kaunta buku na kalamu mbili za wino vinatosha kumaliza rasimu ya kwanza. Simu nayo inaandika. Wapo wanaoandika riwaya kwa kidole gumba ndani ya daladala ya Buhongwa, wamesimama, kiwiko cha mtu kiko mbavuni. Shida ya simu ni kwamba inasahihisha Kiswahili bila kukijua, kwa hiyo kila sentensi uipitie upya ukishashuka.

Ukipeleka kaunta buku stesheneri kuchapiwa, kumbuka kwamba dada anayekuchapia ndiye msomaji wako wa kwanza, na halipwi kukusifia. Akicheka mahali ambapo hukuandika kichekesho, weka alama hapo. Akikuuliza, "Kaka, huyu Mabula si alikufa ukurasa wa kumi na mbili?" mshukuru na umnunulie soda. Ila kazi yako yote usiiache kwenye flashi moja. Flashi inayoingizwa kwenye kila kompyuta ya mtaani huokota virusi vya kila aina, na siku moja itafunguka ikiwa tupu. Jitumie mswada kwa barua pepe kila unapomaliza sura. Ni bure, na bando lake ni dogo kuliko la video moja ya vichekesho.

Nahitaji mahali tulivu penye mandhari ya ziwa ili maneno yatiririke. Unapendekeza wapi?

Napendekeza ukutani. Geuza meza, tazama ukuta.

Nimewaona wengi wakienda Capri Point na kompyuta zao, au wakikaa kulielekea Jiwe la Bismarck. Wanafungua ukurasa mpya, wanapiga picha ukurasa huo pamoja na jiwe, wanaandika chini yake "kazini", wanaagiza soda ya pili, wanarudi nyumbani. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba 68,800 hivi na halijawahi kumsaidia mtu kumaliza sura ya tatu.

Kuhusu utulivu, ndugu yangu, tuko Mwanza. Nyumba zimepandana juu ya miamba, redio ya jirani wa juu inakudondokea kichwani na ya jirani wa chini inapanda na moshi wa jiko. Ijumaa kuna maulidi, Jumamosi kuna harusi, Jumapili kuna spika za kanisa, na siku zilizobaki kuna baa. Anayesubiri kimya ndipo aandike atakufa na daftari jeupe. Tumia kelele: sikiliza jirani wa juu anavyomjibu mkewe, uyaandike majibu hayo kama yalivyo. Mazungumzo katika miswada mingi ninayopokea yamenyooka sana, utadhani wahusika wote ni watangazaji wa taarifa ya habari.

Mzuka haujanijia. Nisubiri?

Nenda Igombe au mwaloni Kirumba, pale mitumbwi inapotia nanga, jioni, siku za giza la mwezi, uwatazame wavuvi wa dagaa wakijiandaa. Wao wanaongozwa na mwezi. Giza likiwa nene wanaingia ziwani na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, kwa hiyo wanabaki nchi kavu kushona nyavu na kuziba mitumbwi. Hujasikia mmoja akisema leo hana mzuka. Wala siku za mbalamwezi hazimkuti amelala.

Mwandishi naye ana siku za namna hizo mbili, za kuandika na za kushona alichoandika. Ile siku ya tatu, ya kulala chali ukitazama dari ukingoja wazo lishuke, haimo kwenye kalenda ya mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Na hesabu si kubwa kama unavyoiogopa. Maneno 300 kwa siku ni kama ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida. Ukiyaandika siku 200 umefika maneno 60,000, riwaya ya kurasa 200. Mwaka unakubakishia siku 165 za misiba, harusi na umeme kukatika.

Nina stori kali sana ya maisha. Wewe andika, pesa tutagawana. Unasemaje?

Hili ndilo swali linaloongoza, na stori yenyewe huwa ya mjomba. Mjomba alikwenda Geita kwenye dhahabu, akapata, akaoa wake wawili ndani ya wiki moja, akafungua baa, akafilisika, na sasa anauza miwa Buzuruga. Msimulizi akifika kwenye miwa hunyamaza na kunitazama usoni kuona kama nimeshtuka.

Jibu langu ni hili. Mimi nami nina wazo la ghorofa sita pale barabara ya Kenyatta. Wazo ni kali. Wewe jenga, kodi tutagawana nusu kwa nusu.

Kama kweli unataka kuandikiwa, kazi hiyo ipo na ina bei yake, na inalipwa kama fundi anavyolipwa, kitabu kiuzwe kisiuzwe. Mwandikishane kabla ya neno la kwanza: malipo ni kiasi gani na yanatoka kwa awamu zipi, jina la nani litakuwa jaladani, hakimiliki ni ya nani, na rasimu ikikataliwa inarudiwa mara ngapi. Halafu kuna jambo ambalo watu husahau kabisa: mjomba ameulizwa? Maana hizo stori za wake wawili, yeye anaweza kuwa anazisimulia kwa namna nyingine, na wake wenyewe kwa namna ya tatu. Ukiniuliza mimi, kitabu kiko hapo kwenye hizo namna tatu. Miwa ni ya kumalizia tu.

Naogopa kumwonyesha mtu kazi yangu, wataiba wazo.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi iliyokwisha kuandikwa. Wazo tupu hailijui. Haki yako inaanza pale unapoandika, inadumu maisha yako yote, na baada ya kufa kwako inaendelea miaka 50 mingine, ambapo wajukuu watagombana juu yake. Ukitaka ushahidi wa kushika mkononi, isajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Kinachonichekesha ni kwamba wenye hofu kubwa ya wizi ndio ambao hawajaandika hata ukurasa. Mwizi akivunja mlango atakuta kitanda.

Niandike Kiswahili, Kiingereza au Kisukuma?

Andika kwa lugha inayokutoka ukiwa umekasirika. Kwa wengi wetu mjini hapa ni Kiswahili, na maneno mawili matatu ya Kisukuma yakiongezwa pale hasira inapozidi. Waache wahusika wako wafanye hivyo hivyo. Bibi wa Magu anayezungumza kama mhadhiri wa isimu hamdanganyi mtu.

Ninaowaonea huruma ni wanaoandika Kiingereza "ili nisomwe duniani". Ni kweli Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Nobel mwaka 2021 kwa kazi za Kiingereza. Lakini alikuwa ameishi na kufundisha Uingereza miaka mingi. Wewe uko Nyakato, umeandika sura nzima ya mapenzi kwa Kiingereza cha barua ya kuomba kazi, na mpenzi anamwambia mwenzake kwamba anasubiri kwa hamu jibu lake zuri.

Swali la Kisukuma au lugha nyingine za nyumbani ni zito zaidi, na jibu lake limo katika swali linalofuata.

Nina miaka 60, nimestaafu ualimu. Je, nimechelewa?

Shikamoo, mwalimu. Hujachelewa.

Panda meli uende Ukerewe. Huko alizaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896. Aliandika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, lugha ya kisiwani kwake, akaimaliza mwaka 1945. Kazi nene, yenye ndoa, tiba, pombe, kilimo, uvuvi, wakwe na matusi ya wakwe, imebeba maisha ya Wakerewe takriban yote. Mchapishaji wa Kikerewe hakupatikana. Miaka ikaenda. Mwishowe mzee akakaa akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kurasa zote zile, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Alikuwa na miaka kama 84. Mwaka uliofuata akafariki. Leo inasomwa hata kwa Kijerumani na Kiingereza, na aliyeifasiri kwa Kiingereza ni Gabriel Ruhumbika, naye mwandishi na mtu wa Ukerewe.

Kwa hiyo, mwalimu, una miaka 24 hivi kabla hujamfikia. Na tafadhali pensheni usiimalizie kwenye uchapaji kabla hujasoma jibu la mchapishaji hapo chini.

Nikiongeza Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, huko huko Ukerewe, mwaka 1944, kisiwa hicho kimetoa waandishi watatu wa daraja la juu. Watafiti watafute sababu. Mimi nashuku machungwa.

Nimemwandika shangazi yangu. Itakuwaje akijitambua?

Hatajitambua. Shangazi wa kweli atakisoma kitabu, atatikisa kichwa na kusema, "Wanawake wengine wana roho mbaya jamani." Atakayekuja na hasira ni jirani ambaye hukumfikiria hata mara moja, na atakuwa na ushahidi: mhusika ana kanga ya bluu, naye ana kanga ya bluu.

Hata hivyo badilisha vya kubadilisha. Jina, kazi, kijiji, idadi ya watoto. Kumsingizia mtu anayetambulika jambo la kumvunjia heshima ni kosa linalofika mahakamani, na neno "hadithi ya kubuni" kwenye ukurasa wa pili si kinga ya kila kitu. Lakini usibadilishe hadi kitabu kikose chumvi. Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kisa cha binti wa huko huko Ukerewe, kilipigwa marufuku mashuleni. Aliyewahi kuwa mwanafunzi anajua marufuku humfanya mtu atafute nini.

Shairi lazima liwe na vina na mizani?

Hapana. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na washairi wa jadi wakamjia juu. Ila yeye alijua anachovunja. Wewe hesabu kwanza: mishororo minne, mizani 16 kila mshororo, nane huku na nane huku. Ukiweza kutunga beti kumi hivyo bila kuchechemea, vunja unavyopenda.

Naweza kuiambia akili mnemba iniandikie kitabu?

Unaweza, na mimi nitajua kufikia aya ya pili. Nimesoma mswada wa namna hiyo. Mvuvi wa Kayenze anaamka alfajiri, anavuta pumzi ndefu, anatazama upeo wa ziwa na kutafakari safari ya maisha, huku upepo mwanana ukimpapasa usoni. Mvuvi wa dagaa alfajiri ndiyo anarudi. Amelowa, ana usingizi, anabishana bei na mama mchuuzi ambaye naye ameamka saa tisa usiku. Upeo hauna nafasi hapo. Halafu kila sura ilimalizika na funzo, kama daftari la maarifa ya jamii.

Itumie kukutafutia makosa ya herufi ukipenda. Ila ile sehemu ya kubishana bei uende mwenyewe mwaloni ukaisikie.

Rafiki zangu wote wamesoma na wanasema ni kizuri mno. Nikichape?

Rafiki zako wanakupenda na wawili kati yao wanakudai, kwa hiyo wanataka ufanikiwe haraka.

Kuna kipimo bora zaidi, na ni cha kwetu. Mwezi wa sita nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wanacheza kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, na watazamaji wako huru kusimama watakapo. Manju akipoa, hakuna anayemzomea wala kumwandikia barua ya maoni. Watu wanahama tu. Unamwona mtu amebeba mtoto, anakula muwa, anajongea polepole kwenda upande wa pili, na nyuma yake wanafuata mia. Mwenye umati mkubwa ndiye ameshinda.

Fanya hivyo na sura yako ya kwanza. Isome kwa sauti mbele ya watu wasiokudai na usiowadai: saluni, kijiwe cha kahawa, mabibi wa kikundi cha vikoba wakimaliza hesabu zao. Usiwaulize wanaonaje, kwa sababu watakujibu kwa adabu. Tazama mikono. Mahali mkono wa kwanza ulipokwenda kwenye simu, rudi nyumbani ukapaandike upya.

Mhariri amekata sura yangu nzima ya kwanza. Ana chuki binafsi?

Hana. Sura yako ya kwanza ilikuwa ya jua kuchomoza.

Niongezee, kwa kuwa nami ni mhariri: tunakata pia ndoto ya kufungulia kitabu, mhusika anayejitazama kwenye kioo ili atueleze alivyo mzuri, na tajiri mwovu asiye na kazi nyingine zaidi ya kucheka kwa sauti. Na salamu. Miswada ya kwetu ina salamu nyingi sana. "Hujambo?" "Sijambo, sijui wewe?" "Mimi sijambo, habari za nyumbani?" Kurasa mbili zimekwenda, na hao watu walikutana ili mmoja amwambie mwenzake kwamba nyumba inaungua.

Nitafute jina la kalamu?

Andika kitabu kwanza. Majina yapo mengi.

Nipeleke kwa mchapishaji au nichape mwenyewe?

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela zao, kwa hiyo soma polepole.

Mchapishaji ni yule anayeukubali mswada wako, anagharamia uhariri, mpangilio, jalada na uchapaji, anatafuta masoko, kisha anakupa mrabaha, yaani fungu lako katika kila nakala iliyouzwa. Wewe hutoi hata shilingi. Mpigachapa ni mwenye mashine: unampelekea faili na pesa, anakupa maboksi. Ukimpelekea faili lenye makosa 900 atakupa makosa hayo 900 yakiwa yamebandikwa gundi vizuri. Wote wawili ni watu halali. Wa kumwogopa ni yule wa katikati anayejiita mchapishaji, anakupigia simu siku mbili baada ya kupokea kurasa 300, anasema umeandika kazi ya kihistoria, halafu anataja gharama ndogo ya kuchangia uhariri. Muulize mhusika mkuu anaitwa nani.

Wachapishaji wengi wako Dar es Salaam na majibu yao huchelewa. Kukaa miezi bila kusikia neno ni jambo la kawaida. Ukiletewa mkataba, usome wote, hasa mahali panaposema hesabu za mauzo utaletewa lini na kitabu kikiisha sokoni haki zinarudi kwako au la. Aliyesomea sheria kwenye ukoo wenu, yule ambaye mlimchangia ada, huu ndio wakati wake.

Ukichapa mwenyewe, chapa kidogo. Mashine za siku hizi zinakubali hata nakala 50, ingawa bei ya kila nakala inakuwa juu. Anayechapa nakala 2,000 kwa sababu bei imeshuka anajikuta ana maboksi chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya mlango, na mtoto anapandia boksi kufikia sukari. Madukani kitabu hupokelewa kwa mali kauli: unaacha nakala, zikiuzwa unalipwa. Nunua daftari la pekee la kuandika nani umemwachia ngapi na tarehe gani, mwenye duka atie sahihi. Daftari hilo ndilo kazi yako ya maandishi itakayosomwa kwa makini kuliko zote.

ISBN ni nini, na itanilinda?

Ni namba ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu ili maduka na maktaba zisikichanganye na kingine. Kwetu inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Haikulindi na wizi wala haithibitishi kwamba kitabu ni kizuri. Kuna watu hapa mjini wana ISBN na hawana kitabu.

Uandishi unalipa?

Tupige hesabu ya mfano. Kitabu kinauzwa shilingi 10,000, mrabaha wako ni asilimia 10, kwa hiyo kila nakala inakuletea 1,000. Ukiuza nakala 500 kwa mwaka, na hilo si jambo dogo kwa riwaya isiyosomeshwa shuleni, umepata laki tano. Igawanye kwa siku za mwaka: kama 1,370 kwa siku. Inakaribia nauli ya kwenda mjini na kurudi, mradi hukai mbali na hujisikii kiu.

Wanaokula kwa kalamu hula kwa mambo mengine. Kitabu kikiingia kwenye orodha ya shule, hapo mambo hubadilika. Wengine wanatafsiri, wanaandika michezo ya redio, wanasahihisha tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu pale Malimbe, wanaandika risala. Na wapo wanaoandika wasifu wa marehemu, kazi ambayo watu huidharau bure. Ukweli wote, wajane wawili, dakika tano, na mchungaji anatazama saa. Anayeuweza wasifu wa namna hiyo anaweza riwaya yoyote.

Na tuzo je?

Zipo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea miswada ya Kiswahili. Soma masharti hadi nukta ya mwisho, hasa idadi ya maneno. Ukitakiwa maneno 3,000 ukapeleka 11,000 na barua ya kuomba radhi, barua ndiyo itakayosomwa.

Kitabu bado hakijaisha lakini nimeshapata ukumbi wa uzinduzi. Nifanye nini?

Pole. Najua ilivyokuwa. Ulianza na kundi la WhatsApp la "Kamati ya Uzinduzi", likapata mwenyekiti, mweka hazina na mtu wa keki. Kadi za mchango zimeshatoka. Sare zimeshachaguliwa rangi. Mgeni rasmi ameshakubali na msaidizi wake ameshauliza kuhusu mafuta ya gari. Kitabu kiko sura ya nne.

Siku yenyewe itakwenda hivi. Shughuli ya saa nane itaanza saa kumi na moja. MC atakosea jina la kitabu. Mgeni rasmi atasema amekisoma na ameguswa sana, hasa na "ujumbe wake", halafu atakinyanyua juu kikiwa kichwa chini miguu juu, wapiga picha wapate kazi. Utafika mnada wa nakala ya kwanza: laki tano! milioni! Vigelegele. Hizo ni ahadi, ndugu yangu. Zitafuatiliwa kwa simu, na simu zitapokelewa na watoto. Baada ya hapo pilau na sato wa kukaanga, muziki, watu wataondoka wameshiba wakikusifu kwa chakula.

Kama huwezi kuahirisha, fanya mawili. Meza ya vitabu iwe mlangoni, na iuze *kabla* chakula hakijafunuliwa. Pili, jumlisha bei ya ukumbi, sahani, muziki na keki, kisha ugawe kwa faida ya nakala moja, uone unatakiwa uuze nakala ngapi ili urudi sifuri. Fanya hesabu hiyo ukiwa umekaa.

Ndugu na jamaa wanadai nakala za bure. Nitawakataliaje?

Mama mzazi anapewa. Maktaba ya shule uliyosoma inapewa. Aliyekulisha ulipokuwa unaandika anapewa, pamoja na shukrani ukurasa wa kwanza. Wengine wanunue.

Ukiulizwa, "Mdogo wangu, nakala yangu iko wapi?" jibu kwa heshima, "Iko, kaka, nimekuwekea. Ni elfu kumi, nikuletee leo au kesho?" Atacheka. Wewe usicheke. Nimegundua kwamba aliyepewa bure hukiweka juu ya friji hadi mwakani, lakini aliyetoa pesa yake atakisoma chote, hata kama ni kwa hasira, na atakwambia ukurasa ambao Mabula amefufuka.

Utanisomea mswada wangu?

Nitasoma. Lete umechapwa kwenye karatasi za A4, upande mmoja, herufi za ukubwa wa 12, mistari iachane, kurasa ziwe na namba. Usinitumie picha za kaunta buku zilizopigwa usiku na kidole gumba kinaonekana. Usinitumie sauti; yupo aliyenitumia riwaya nzima kwa sauti, na katikati kuna mtu anauliza ugali umesongwa saa ngapi. Mswada uwe umefika mwisho. "Bado kidogo, ila najua utakavyoisha" maana yake bado. Malipo ni kwa ukurasa, nusu kabla, na kurasa tupu za kutenganisha sura sizihesabu.